Istilahi na Takwimu katika Historia ya Uchunguzi wa Majeraha ya Ubongo

Mfasiri akabidhiwapo fomu ya hospitali aitie katika Kiswahili, huiona kazi hiyo kuwa ndogo. Maneno ni machache, sentensi ni fupi, na sehemu kubwa ya karatasi ni visanduku vitupu vya kutiwa alama. Lakini fomu hiyo ikishajazwa haibaki wodini. Huenda kwa karani wa takwimu, kisha mkoani, kisha wizarani, na huko neno lililofasiriwa vibaya huwa limekwisha kugeuka tarakimu. Na tarakimu haina lafudhi ya kuisaliti. Katika makala haya tumekusudia kueleza, kwa njia ya historia, jinsi elimu ya takwimu ilivyoingia katika uchunguzi wa majeraha ya ubongo. Tumechagua majeraha hayo kwa sababu humo wataalamu walifika mahali pa kuona wazi kwamba hawawezi kuhesabu sawasawa mpaka wakubaliane kwanza juu ya maneno.

Yafaa tuanze na neno takwimu lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na katika kamusi za zamani za Kiswahili maana yake ni kalenda, yaani hesabu ya siku na miezi. Waarabu wenyewe, kwa maana tunayoikusudia hapa, hutumia neno jingine. Sisi tulilitoa neno hilo katika siku tukalipeleka katika watu, mazao na magonjwa, na uhamisho huo haukutudhuru. Linalotudhuru kidogo ni kwamba neno moja limebebeshwa mizigo miwili: tarakimu zilizokusanywa, na elimu ya kuzikusanya na kuzipima. Ndiyo maana ofisi yaweza kujaa takwimu tele, isiwe na takwimu hata kidogo.

Mwaka 1917, katika mapigano ya Passchendaele huko Ubelgiji, daktari mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, aliweka kumbukumbu za askari waliopasuliwa kwa majeraha yaliyofika ubongoni. Taarifa yake ya mwaka 1918 ilionyesha kwamba katika muda wa miezi mitatu vifo vilishuka kutoka asilimia 54.5 hadi asilimia 28.8, kadiri njia ya upasuaji ilivyozidi kurekebishwa. Hiyo ilikuwa hesabu ya heshima, lakini ilikuwa hesabu ya mpasuaji: ilianza mezani pake na kuishia mezani pake. Waliofia mahandakini au njiani hawakuwamo.

Aliyeitoa hesabu hiyo nje ya chumba cha upasuaji alikuwa mwanafunzi wake, Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia aliyesoma Oxford na kufanya kazi na Cushing huko Boston. Mwezi Mei 1935 Cairns alikuwa miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama T. E. Lawrence, yule mwanajeshi na mwandishi wa Kiingereza aliyejulikana sana kwa habari za Arabuni, ambaye alikuwa ameanguka na pikipiki katika jimbo la Dorset. Lawrence alikaa siku sita bila fahamu, akafariki tarehe 19 Mei. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Wengi wamependa kusimulia kwamba kifo hicho ndicho kilichomwamsha Cairns. Huenda ikawa hivyo. Lakini kifo kimoja, hata kiwe cha mtu mashuhuri namna gani, si takwimu, na Cairns alilijua hilo kuliko wasimulizi wake.

Vita ilipoanza mwaka 1939 barabara za Uingereza zilitiwa giza usiku kwa hofu ya ndege, na jeshi likajaa tarishi wa pikipiki. Mwaka 1941 Cairns alichapisha hesabu iliyowashtua wengi. Katika miezi 21 kabla ya vita, wapanda pikipiki na abiria wao waliouawa barabarani Uingereza walikuwa 1,884. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita walikuwa 2,279, ongezeko la asilimia 21. Majeraha ya kichwa yalikuwa ndiyo sababu kubwa ya vifo hivyo. Kisha akatafuta katika kumbukumbu zake wagonjwa waliopata ajali hali wamevaa kofia ngumu. Aliwapata saba tu, na wote saba walikuwa hai.

Hapa yapasa tusimame kidogo, maana mfano huu una mafunzo mengi kuliko kurasa nyingi za vitabu. Saba ni wachache. Mkosoaji angeweza kuuliza: je, ni wachache kwa sababu kofia iliwaokoa wengine wasifike hospitali kabisa, au kwa sababu wavaaji wa kofia walikuwa wachache barabarani tangu mwanzo? Hesabu ya hospitali peke yake haiwezi kulijibu swali hilo. Mwalimu wa shule ya msingi angelieleza kwa maneno ambayo Kiswahili kimejaliwa kuwa nayo: kila sehemu ina kiasi juu na asili chini. Hospitali humpa mchunguzi kiasi. Asili, yaani jumla ya waliopanda pikipiki, wenye kofia na wasio nayo, walioanguka na wasioanguka, haimo katika daftari la wodi. Tunapenda neno asili kwa sababu hiyo: linakumbusha kwamba tarakimu ya juu imetoka mahali fulani. Mfasiri aandikapo “kiwango cha vifo” bila kutaja ni kati ya watu gani, huwa ameitupa asili na kumwachia msomaji kiasi kinachoning'inia.

Cairns hakukoma hapo. Mwezi Novemba 1941 jeshi la Uingereza liliamuru kila mpanda pikipiki wake aliye kazini avae kofia ngumu. Mwaka 1946 Cairns alichapisha mchoro wa vifo vya wapanda pikipiki mwezi kwa mwezi tangu 1939 hadi 1945, na msomaji aliweza kuona mstari ukipanda, kisha ukianza kushuka baada ya amri ile na kuendelea kushuka. Mchoro huo umesifiwa sana, na wastahili sifa. Hata hivyo, hatuna budi kutaja kwamba mwaka 1942 serikali iliondoa mgawo wa petroli kwa wenye vyombo vya binafsi, na chombo kisicho na petroli hakiui mtu. Sehemu gani ya mteremko ule ni ya kofia na sehemu gani ni ya petroli, mstari peke yake hausemi. Aidha, katika miaka hiyohiyo mwanafizikia A. H. S. Holbourn, aliyefanya kazi pamoja na Cairns huko Oxford, alionyesha kwa hoja za mekanika kwamba ubongo hudhuriwa hasa na mzunguko wa ghafla wa kichwa, si na pigo la moja kwa moja peke yake. Basi hesabu ilikuwa na dosari, lakini haikusimama peke yake. Uingereza ilingoja hadi mwaka 1973 kuwalazimisha raia wote wapandao pikipiki kuvaa kofia hiyo, miaka zaidi ya thelathini baada ya askari.

Mpaka hapo waliohesabiwa walikuwa wafu na wazima, na kati ya kufa na kupona hapana utata wa istilahi. Utata ulikuwa kwa wale walio katikati. Kila hospitali ilikuwa na msamiati wake wa kumweleza mgonjwa asiye na fahamu kamili: huyu ana usingizi mzito, yule nusu usingizi, mwingine amezubaa, mwingine amepumbaa. Kila daktari aliamini kwamba neno lake ni wazi. Mgonjwa aliyehamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine aliweza kuonekana amezidiwa au amepata nafuu, kumbe kilichobadilika ni mwandishi wa faili. Kulinganisha matokeo ya nchi mbili katika hali hiyo ilikuwa sawa na kulinganisha vibaba vya masoko mawili ambayo hayajakubaliana ukubwa wa kibaba.

Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow huko Uskoti, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walichapisha katika jarida la Lancet kipimo ambacho sasa hutumika karibu dunia nzima. Uzuri wake, kwa macho ya mtu wa istilahi, ni kwamba hawakujaribu kuyasuluhisha yale maneno ya zamani. Waliyaacha. Badala ya kuuliza mgonjwa yu katika hali gani, waliuliza anafanya nini: anafumbua macho wakati gani, anasema nini, na viungo vyake vinaitikaje. Kila swali lilipewa majibu yaliyopangwa kwa daraja. Macho yana daraja nne, usemi daraja tano, na viungo vilikuwa na daraja tano, kisha zikawa sita ilipoonekana kwamba namna mbili za kukunja mkono zisichanganywe. Jumla ya juu ikawa 15, ya chini 3. Maana ya koma nayo iliwekwa kwa vitendo vitatu, tena vyote vya kukanusha: mgonjwa hafumbui macho, hatii amri, hatamki neno. Kiswahili chaweza kuisema fasili hiyo kwa maneno machache kuliko lugha ilikotoka, na hatuoni sababu ya mfasiri kuirefusha.

Matunda yalionekana upesi. Glasgow ilijiunga na hospitali za Rotterdam na Groningen huko Uholanzi, kisha Los Angeles huko Marekani, zikakusanya kumbukumbu za wagonjwa waliokaa katika koma saa sita au zaidi, kila mmoja akielezwa kwa maneno yaleyale. Taarifa ya mwaka 1977 ilihusu wagonjwa 700. Ilionekana kwamba matibabu yalitofautiana sana kati ya nchi hizo tatu, lakini katika kila nchi yapata nusu ya wagonjwa walifariki. Habari hiyo haikuwa tamu kwa waliokuwa wakijivunia njia zao. Lakini isingeweza kujulikana kabisa kama kila nchi ingeendelea kutumia usingizi mzito wake. Mwaka 1981 wanatakwimu wakiongozwa na D. M. Titterington walizitumia kumbukumbu hizo kulinganisha njia mbalimbali za kubashiri hatima ya mgonjwa, na tangu hapo jeraha la ubongo likawa somo la wanahisabati pia.

Kipimo hiki kina hatari yake, na hatari hiyo inamhusu mfasiri moja kwa moja. Usemi wa mgonjwa hupimwa kwa lugha, na utii wake wa amri pia. Tumfikirie bibi wa kijijini aliyeangukiwa na tawi la mwembe, asiyejua ila lugha ya kwao, akiulizwa kwa Kiswahili cha shule leo ni siku gani, kisha akiamriwa ainue mkono. Asipoinua, ataandikwa 5 badala ya 6. Akijibu lisiloeleweka, ataandikwa 4 au pungufu badala ya 5. Kwa desturi, wenye jumla ya 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa na jeraha dogo, 9 hadi 12 la kadiri, na 8 au chini yake jeraha kubwa. Alama mbili tu zaweza kumhamisha mtu kutoka kundi hadi kundi, bila ubongo wake kubadilika hata chembe.

Tena kuna neno kuchanganyikiwa. Katika daraja ya usemi limekusudiwa mtu anayezungumza kwa sentensi, lakini hajui alipo wala tarehe. Kwetu neno hilo pia huambiwa mtu aliyepatwa na msiba, mwenye shughuli nyingi, hata mwenye maradhi ya akili. Muuguzi akimwona ndugu wa marehemu analia kwa sauti, atasema amechanganyikiwa, na atakuwa amesema Kiswahili safi. Kwa fomu ya hospitali, twapendekeza maelezo marefu kidogo: “anaongea, lakini hajui mahali au wakati.” Istilahi ya neno moja si lazima pale ambapo maelezo ya maneno sita yanazuia kosa. Watu wa Glasgow wenyewe waliliona hilo. Mwaka 2014, kipimo kilipotimiza miaka arobaini, walirahisisha maneno yao: yale yaliyoitwa maneno yasiyofaa yakawa maneno tu, sauti zisizofahamika zikawa sauti tu, na kufumbua macho kwa maumivu kukawa kufumbua kwa mbinyo, maana kinachotakiwa ni kumbinya kidole, si kumwumiza. Mafasiri yaliyofanywa kabla ya hapo yapasa kutazamwa upya.

Mwaka 1972 Jennett, pamoja na Fred Plum wa New York, alikuwa amekwisha kuipa jina hali nyingine: ya mtu ambaye macho yake yamefumbuka, analala na kuamka, lakini haonyeshi dalili ya kujitambua. Walichagua neno la asili ya Kilatini linalohusu uhai wa mimea, kwa maana ya kuishi na kukua bila fikra. Katika Kiingereza neno hilo lilikuwa jirani mno na jina la mboga, na jamaa za wagonjwa waliumia. Mwaka 2010 kikundi cha wataalamu wa Ulaya, akiwamo Steven Laureys wa Ubelgiji, kilipendekeza jina jingine lenye maana ya kuwa macho bila kuitika. Mfasiri wa neno kwa neno ataandika “hali ya mmea”, naye atakuwa ameleta nyumbani tusi ambalo wenyewe wanajaribu kulifukuza. Sisi twaandika “hali ya kuwa macho bila utambuzi”, na mwenye neno bora tutamshukuru.

Neno jingine la kuangaliwa ni kiwewe. Siku hizi limezoeleka kwa mshtuko wa moyo na akili unaompata aliyeona mambo ya kutisha, nalo linafaa. Lakini wapo wanaoliona neno trauma ndani ya jina la jeraha la ubongo, wakaandika jeraha la kiwewe. Trauma ni neno la Kiyunani, na maana yake ya kwanza ni jeraha. Jeraha la ubongo linalotokana na pigo, mwanguko au ajali halina haja ya kiwewe. Na kuliingiza ni kumpeleka mgonjwa wa mpasuaji kwa daktari wa akili. Kadhalika jeraha la kichwa si jeraha la ubongo. Kichwa chaweza kupasuka ngozi na kutoka damu nyingi, ubongo ukawa salama. Na ubongo waweza kuharibika bila tone la damu kuonekana. Anayehesabu vichwa na anayehesabu bongo hawatapata jumla moja.

Tumalizie historia yenyewe kwa jaribio ambalo, kwa maoni yetu, kila mtumishi wa afya angepaswa kulijua. Kwa miaka zaidi ya thelathini madaktari wa nchi nyingi waliwapa wagonjwa wa kichwa dawa za jamii ya kotikosteroidi, wakiamini kwamba hupunguza uvimbe ndani ya fuvu. Majaribio yaliyokuwapo yalikuwa madogo, na majibu yake yaliweza kusomwa upande wowote. Jaribio lililoitwa CRASH, lililoongozwa kutoka London, likaandikisha watu wazima 10,008 katika hospitali 239 za nchi 49. Nusu walipewa dawa, nusu walipewa kimiminika kinachofanana nayo kisicho na dawa, na hakuna aliyechagua nani apate nini. Mwezi Mei 2004 jaribio lilisimamishwa kabla ya kufikia watu 20,000 waliokusudiwa. Katika wiki mbili za kwanza waliopewa dawa walikufa 1,052, sawa na asilimia 21.1, wasiopewa walikufa 893, sawa na asilimia 17.9. Dawa iliyotolewa kwa nia ya kuponya ilikuwa ikiongeza vifo. Tofauti ya watu watatu katika kila mia haiwezi kuonwa na daktari mmoja katika wodi moja, hata akiwa hodari maisha yake yote. Huonekana tu kwa wingi, na kwa mgawanyo usio na upendeleo.

Mgawanyo huo huitwa wa nasibu, na neno hilo ni sahihi. Tatizo ni kwamba mwananchi amelizoea likifuatana na bahati, na bahati nasibu ni mchezo wa fedha. Karatasi ya kuomba idhini ikisema mzazi wako ataingizwa katika bahati nasibu ya dawa, sidhani kuna mtoto atakayetia sahihi, na tusimlaumu. Vivyo hivyo dawa isiyo na dawa ndani yake wengi huiita “dawa bandia”. Lakini dawa bandia madukani kwetu ni kosa la jinai. Heri kuandika “maji yanayofanana na dawa”, au “kidonge kisicho na dawa”, kwa jinsi kilivyo.

Yote haya yamekuja kuwa jambo letu. Bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, sasa ni pikipiki na imejaa katika kila mji wa Afrika Mashariki, na majeruhi wake wamejaa katika wodi. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Tafiti hizo nyingi zilifanywa katika nchi tajiri. Kwetu kinachotakiwa ni daftari lenye kiasi na lenye asili.

Kwa hiyo tukiombwa kusanifu fomu ya majeruhi wa pikipiki, swali la kofia tungeliandika hivi: “Alikuwa amevaa kofia ngumu kichwani wakati wa ajali?” Si “alikuwa na kofia”, kwani wengi huwa nayo, imetundikwa kwenye usukani. Jina litakuwa kofia ngumu, na pembeni helmeti, ili dereva anayesema elementi asikose kuelewa. Majibu yatakuwa matatu: ndiyo, hapana, haijulikani. Abiria ataulizwa peke yake, katika mstari wake. Na karani afundishwe kwamba kisanduku kilichoachwa kitupu kisihesabiwe kuwa hapana.